UZI: Mwezi ni mmoja, mbona bahari inajaa mara mbili kwa siku?

MwalimuWaBamvua

Wakuu, salaam.

Nafundisha fizikia skuli moja huku kusini Unguja. Juzi nilichora ubaoni dunia, mwezi, na maji yaliyovimba upande unaoutazama mwezi. Binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, dunia inajizungusha mara moja kwa siku. Basi sisi tunapita chini ya mwezi mara moja tu. Mbona maji yanajaa mara mbili?"

Mama yake analima mwani. Huyu mtoto ameshika kamba za mwani tangu hajaanza kusoma, anajua maji yanajaa alfajiri na yanajaa tena alasiri. Vitabu vingi vya skuli vinaishia kwenye sentensi moja: mwezi huvuta maji, maji hujaa. Sentensi hiyo haimjibu. Nimekaa na swali lake wiki nzima na nataka nilijibu hapa kwa kirefu, maana sisi watu wa pwani tumeishi na jambo hili hadi mahali petu pakaitwa kwa jina lake. Pwani ni pale maji yanapopwa.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Mwezi hauinui maji kama ndoo inavyotolewa kisimani. Ukilinganisha na nguvu ya dunia inayoyashikilia maji yakae chini, nguvu ya mwezi inayosababisha kujaa na kupwa ni sehemu moja tu kati ya sehemu milioni 9 hivi. Haiwezi kunyanyua hata tone. Siri iko kwingine.

Uvutano hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Mwezi uko kilomita 384,400 kutoka kwetu kwa wastani, na dunia ina unene wa kilomita 12,700 na kitu. Kwa hiyo bahari iliyo upande wa mwezi inavutwa zaidi kidogo kuliko kitovu cha dunia, na kitovu kinavutwa zaidi kidogo kuliko bahari iliyo upande wa pili. Hizo tofauti ndogo ndizo zinazofanya kazi yote.

Chukua ngalawa tatu zimejipanga safu, zimeshusha tanga, zinachukuliwa na mkondo kuelekea mlango wa mwamba wa matumbawe. Karibu na mlango mkondo ni mkali, nyuma ni mpole. Wewe umekaa kwenye ngalawa ya kati. Zote tatu zinakwenda upande mmoja, hakuna inayorudi. Lakini ukiangalia kutoka pale ulipokaa, ya mbele inakuacha na ya nyuma unaiacha. Kwako wewe ni kama zote mbili zinakukimbia, moja huku, moja kule.

Ngalawa ya kati ndiyo dunia. Ya mbele ni maji ya upande wa mwezi. Ya nyuma ni maji ya upande wa pili, ambayo hayakusukumwa na kitu chochote, yamechelewa tu. Dunia nzima inavutwa na mwezi, na yale maji ya nyuma yanavutwa kidogo kuliko dunia yenyewe, basi yanabaki nyuma. Ndiyo maana kuna vimbe mbili, na sisi tukizunguka na dunia tunapita kwenye zote mbili.

Nilipomweleza hivyo yule binti alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo alfajiri tunapita kwenye maji yaliyochelewa." Nikamwambia siku nyingine ndiyo hayo, siku nyingine ndiyo yale ya mbele, inategemea mwezi uko wapi.

Na hayo maji yanafikaje kwenye uvimbe ikiwa mwezi hauwezi kuyanyanyua? Yanateleza. Weka uji kwenye sinia, inua ukingo mmoja kwa unene wa kucha tu. Uji wote unasogea upande wa pili, wala hakuna aliyeunyanyua. Bahari ni pana mno, na mwezi unayavuta maji kwa ubavu, pole pole, katika maelfu ya kilomita. Kila tone husogea kidogo, lakini matone ni ya bahari nzima.

Sasa saa. Tukijizungusha mara moja, mwezi nao umeshasogea mbele katika njia yake, inatubidi tuufukuze dakika 50 zaidi. Ndiyo maana kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, na maji ya leo yanachelewa dakika 50 hivi kuliko ya jana.

Naomba michango. Wapo humu wanaoijua bahari kwa mikono yao, nitashukuru wakinisahihisha.

---

Dada wa Tabata

Mwalimu, asante. Hapo kwenye ngalawa nimeelewa kitu nilichokariri tangu darasani bila kukielewa. Ila nina swali. Jua ni kubwa kuliko mwezi mara nyingi sana, na dunia inalizunguka jua, wala hailizunguki kwa kupenda. Mbona sifa zote anapewa mwezi?

---

MwalimuWaBamvua

Dada yangu, swali zuri, na jibu lake limekaa kwenye hesabu fupi.

Jua lina uzito wa mwezi mara milioni 27. Lakini liko mbali mara 390 kuliko mwezi. Uvutano wenyewe hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ukipiga hesabu utaona jua linaivuta dunia mara 180 hivi zaidi ya mwezi. Ndiyo maana tunalizunguka.

Ila kujaa na kupwa kunatokana na *tofauti* ya mvuto kati ya upande huu na ule, na tofauti hiyo hupungua kwa umbali mara umbali mara umbali: 390 mara 390 mara 390, ambayo ni milioni 59 na kitu. Gawanya milioni 27 kwa milioni 59. Unapata chini kidogo ya nusu. Kwa hiyo jua nalo linajaza bahari, lakini kwa chini ya nusu ya nguvu ya mwezi.

Na hapo ndipo linapotoka bamvua. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi na dunia viko kwenye mstari mmoja, nguvu zao zinajumlishwa: maji yanajaa sana na yanakauka sana. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta upande wake na mwezi upande wake, zinapunguzana. Hayo ndiyo maji mafu. Huku kwetu siku ya bamvua kubwa tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na siku za maji mafu inaweza kuwa mita moja na kitu tu. Anayelima mwani haendi shamba siku za maji mafu, maana shamba halionekani.

Kuna jambo lingine nalipenda sana. Kwa kuwa bamvua ni lazima jua na mwezi vikae mstari mmoja, basi saa ya bamvua haibadiliki. Huku Unguja bamvua hukauka kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa kati ya saa 10 na saa 11 alasiri. Mwaka huu, mwaka jana, wakati wa mabibi zetu, ni vilevile.

Sasa fikiria Idi ndogo. Ni tarehe mosi ya mwezi wa Kiislamu, mwezi umeandama jana yake. Kwa hiyo Idi ndogo siku zote huangukia bamvua. Wale watoto wanaojirusha majini pale Forodhani alasiri ya Idi, na maji yamefika juu ukutani, hawakubahatisha. Maji yatakuwa yamejaa saa hiyo kila Idi. Na Idi kubwa, ambayo ni siku ya kumi ya mwezi wa Kiislamu, inaangukia karibu na maji mafu.

---

Mkerewe wa Visiwani

Wakuu, mimi niko Ukerewe. Ziwa letu ni kubwa, ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Mwezi ni huohuo na ngalawa ni zilezile. Mbona Nyanza, yaani Ziwa Victoria, haijai wala haipwi?

---

MwalimuWaBamvua

Kaka, inajaa. Ila huwezi kuiona.

Kumbuka ile tofauti ya mvuto. Kwa bahari, kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine, tunazungumzia maelfu ya kilomita. Nyanza ina kilomita 300 hivi kwa urefu. Mwezi unavuta mwisho huu na mwisho ule karibu sawasawa. Ngalawa zako tatu zimekaa zimegusana, mkondo ni mmoja, hakuna inayomwacha mwenzake. Na maji ya ziwa hayana pa kutoka wala pa kukimbilia, bahari kuu haiwezi kukutumia ya kwake. Kinachobaki ni sentimita chache, na upepo wa alasiri moja tu unayasukuma maji ufukweni kwenu kuliko mwezi unavyoweza. Ukiona ziwa limepanda asubuhi na kushuka mchana, lisingizie upepo, au mawimbi yanayoyumba kutoka ng'ambo hadi ng'ambo baada ya upepo kutulia.

Hii inajibu pia swali nililoulizwa pembeni: je, mwezi unavuta maji yaliyomo mwilini mwa mtu? Ikiwa Nyanza nzima inapata sentimita chache, mtu wa mita moja na nusu hapati kitu cha kupimika. Mkunga anayesema wajawazito wengi hujifungua mwezi mpevu namheshimu kwa kazi yake, lakini sababu haiwezi kuwa hii ya bahari.

---

Kijana wa Kilindini

Mwalimu, shikamoo. Nimefanya kazi kwenye meli miaka kadhaa na kuna kitu hakijakaa sawa. Hapa Mombasa maji ya bamvua tunaona mita tatu na zaidi. Nimefika Beira kule Msumbiji, pale ni mita 6 na zaidi, meli kubwa zinasubiri maji ndipo ziingie. Nimefika Morisi, maji hayafiki hata goti, nusu mita hivi. Bahari ni moja, ya Hindi. Mwezi ni mmoja. Kama ni uvimbe unaopita, si ungekuwa sawa kote?

---

MwalimuWaBamvua

Marahaba mwanangu. Umegusa pale ambapo mchoro wangu wa ubaoni unaishia, na ninafurahi aliyeyaona kwa macho ndiye aliyeuliza.

Ule mchoro wa vimbe mbili aliuweka Newton mwaka 1687, na unaeleza nguvu zinatoka wapi. Hauelezi maji yanafanya nini baada ya kusukumwa. Kama dunia ingekuwa yote bahari na maji yana muda wa kutosha, uvimbe ungekuwa kama nusu mita tu. Lakini bara la Afrika limesimama katikati ya njia. Na bahari yenye kina cha kilomita 4 hupitisha wimbi hili kwa mwendo wa kilomita 700 hivi kwa saa, wakati pale ikweta dunia inazunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa. Wimbi haliwezi kuufuata mwezi. Mfaransa Laplace ndiye aliyelifungua hili kwenye miaka ya 1770: mwezi unalisukuma wimbi, kisha wimbi linakwenda kwa desturi ya bahari lilimo.

Umewahi kubeba beseni la maji kichwani? Yule asiyezoea anamwaga. Si kwa sababu anatembea kwa nguvu, ni kwa sababu hatua zake zimelingana na myumbo wa maji ndani ya beseni. Hatua ndogo, lakini kila moja inakuta maji yanarudi, inayaongeza. Bahari nayo ni beseni. Kila beseni lina myumbo wake. Penye beseni ambalo muda wa myumbo wake unakaribia zile saa 12 na dakika 25 za mwezi, maji yanapanda kupita kiasi. Ndivyo ilivyo ghuba ya Fundy kule Kanada, maji hupanda mita 16.

Beira iko ndani ya mlango wa Msumbiji, kati ya bara na Madagaska, na sakafu ya bahari pale ni ya kina kifupi, pana. Wimbi linaingia na kubanwa, linanyanyuka. Morisi ni kisiwa kilichosimama peke yake kwenye maji ya kina kirefu, wimbi linapita pembeni bila kuzuiwa.

---

Nahodha Mstaafu

Mwalimu, uzi umekaa vizuri, ila niweke mambo mawili ya sisi wa majini.

La kwanza, umesema bamvua ni mwezi kuandama na mwezi mpevu. Kwa macho ya nahodha, bamvua lenyewe hasa hutimia siku moja au mbili *baada*. Siku mwezi unapotimia maji bado yanazidi. Tulifundishwa tusishushe ulinzi mwezi kumi na tano, tuangalie kumi na sita na kumi na saba. Na la Machi na la Septemba linazidi mengine.

La pili, ndani ya mwamba si kama nje ya mwamba. Watu wanaangalia jedwali la bandari, wanasema maji yanaanza kujaa saa 5, wanakwenda kutembea hadi kwenye mwamba kuokota kombe. Mwamba unazuia maji kwanza. Ukiona kimya usidhani bado. Yakishapata mlango yanaingia kwa mkondo, na yanajaza kwanza yale mabonde ya karibu na ufukwe. Wewe uko kwenye kichanga kikavu mbele, nyuma yako pameshafunga.

---

MwalimuWaBamvua

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Yote mawili ni kweli.

Kuchelewa kwa bamvua ndiko kule kuyumba kwa beseni: msukumo umeshatimia, lakini maji bado yanakusanya nguvu. Machi na Septemba jua linakuwa juu ya ikweta, na mstari wa jua na mwezi unakaa sawa zaidi. Pia mwezi haukai umbali mmoja, huja hadi kilomita 363,000 na hurudi hadi 405,000. Tofauti inaonekana ndogo, ila ukumbuke ni umbali mara umbali mara umbali, basi nguvu yake inapishana karibu asilimia 40. Bamvua likikutana na mwezi uliosogea karibu, hapo ndipo maji yanaingia hadi kwenye mizizi ya minazi.

Hilo la pili nataka kulikazia, maana nimeliona. Mwaka mmoja nilikuwa nimesimama ufukweni, wageni wawili walikuwa wametoka hadi karibu na mwamba wakipiga picha. Wanawake wa mwani walikuwa wanarudi na magunia yao, wakawaita kwa mikono, wale wakapunga tu. Nusu saa baadaye walikuwa wamesimama kwenye kichanga chenye ukubwa wa jamvi, maji kila upande. Kijana mmoja akawafuata na ngalawa.

Baada ya hapo niliwapeleka wanafunzi na mti mrefu tumeupiga alama za rangi nyekundu kila sentimita 10, tukausimamisha kwenye ukingo wa maji yaliyopwa siku ya bamvua. Saa ya kwanza maji yalifika alama ya pili, watoto wakaanza kuchoka na kucheza. Saa ya pili yakapita alama nyingi kidogo. Saa ya tatu kila ukigeuka alama imezama, na tukalazimika kurudi nyuma tukiwa tumeshika viatu mkononi.

Mabaharia wana kanuni yake. Gawa ujazo wote sehemu 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama maji yatapanda mita 3.6, basi saa ya kwanza ni sentimita 30, na saa ya tatu ni sentimita 90. Sentimita 90 kwa saa moja, kwenye ufukwe ulio tambarare kama wa Paje au Jambiani! Ukingo wa maji unakuja ukiuona kwa macho. Nungwi maji yanapanda urefu uleule, ila ufukwe wake unashuka ghafla, ndiyo maana watu wanadhani kule hakupwi.

---

Dada wa Tabata

Mwalimu, huyo mama wa binti aliyeuliza, ameambiwa jibu?

---

MwalimuWaBamvua

Ameambiwa. Nilikwenda mwenyewe jana baada ya magharibi, nikamkuta barazani anasuka kamba. Nikamweleza ngalawa tatu, maji yanayochelewa, jua na mwezi. Alisikiliza yote. Kisha akaniuliza: "Na kwa nini maji ya usiku hayalingani na ya mchana?"

Nikamwambia anieleze. Akasema kuna misimu shamba lake linatoka vizuri zaidi usiku kuliko mchana, siku hiyohiyo moja, na kuna misimu ni kinyume. Tofauti si kubwa, ni kama upana wa kiganja, lakini kwa anayefunga mwani kwenye vijiti vya mstari wa mwisho inatosha kuacha mstari mmoja chini ya maji. Amekuwa akiliona tangu aanze kulima, miaka ya tisini mwanzoni, mwani ulipokuwa ndiyo kwanza umeingia vijiji vyetu.

Jibu lipo, wakuu, na sikuwa nimeliweka kwenye uzi. Mwezi hausimami juu ya ikweta. Kila mwezi unapanda kaskazini na kushuka kusini, hadi nyuzi 28 katika miaka fulani. Ukiwa kaskazini, uvimbe wa mbele unakaa kaskazini na ule wa nyuma unakaa kusini. Sisi tulio kusini ya ikweta, tunapozunguka, tunapita ubavuni mwa mmoja na karibu na kilele cha mwingine. Kwa hiyo kujaa kwa mara ya kwanza na kwa mara ya pili hakuwezi kulingana, wala kupwa kwake. Siku mwezi unapokatiza ikweta, vinalingana.

Nilimchorea kwenye mchanga kwa kijiti. Akauangalia mchoro, akaangalia juu, mwezi ulikuwa wa siku tano hivi upande wa magharibi, akasema: "Basi wiki hii utakuwa umeelekea kaskazini." Nilirudi nyumbani nikatazama kwenye jedwali. Ulikuwa kaskazini.